Anakotaka Bibi

Harusi yangu ilikuwa mikononi mwa milima miwili ambayo sijaikanyaga, na sitaikanyaga, asante. Mmoja uko Jojia, mwingine uko Uturuki. Nikikwambia hivyo utadhani jua la Riyadh limeniingia kichwani, lakini ngoja nikueleze kwanza, halafu wewe ndiye utakayesema mwenye wazimu ni nani.

Mimi ni Truphena. Nafanya kazi kwa bosi anayeitwa Haroub, nyumba yake iko nyuma ya yale maghorofa ya Olaya. Haroub ni mtu wa asili ya Unguja aliyezaliwa Jeddah, wazazi wake walihamia huku baada ya yale ya sitini na nne. Mke wake, madam Hala, ni wa hapahapa Riyadh na Kiswahili hajui hata cha kuomba maji. Wana watoto wawili, Faris na Muna. Niliajiriwa ili watoto wasipoteze Kiswahili cha baba yao, lakini aliyekaribia kupoteza Kiswahili chake ni mimi, kama utakavyoona.

Mwaka huo waliamua kwamba likizo ya shule waende kuteleza kwenye theluji. Usiniulize kwa nini. Katika familia ile nzima hakuna aliyewahi kuteleza mahali popote isipokuwa bafuni. Ila baba, ndivyo ninavyomwita Haroub, alisikia wenzake wa ofisini wakijisifu, madam naye akaona picha za dada yake kwenye simu, basi ugonjwa ukaingia nyumbani. Baba akanunua vile viatu vya kutelezea, vizito, vya plastiki, vinavyofika karibu na goti, akawa anatembea navyo sebuleni kila akitoka kuswali isha, ko, ko, ko, ati miguu izoee. Kiyoyozi kikawekwa baridi ya mwisho ili watoto nao wazoee. Nje watu wanakaangika, mimi ndani napika nimevaa soksi na sweta, na nikifungua mlango kidogo naambiwa yalla Truphena, funga, baridi inatoka.

Shida ilikuwa mlima gani. Baba alitaka Jojia, wakodi nyumba ya mbao huko juu, wachome nyama, wasione watu. Madam alitaka Uturuki, kwenye hoteli ambayo dada yake huenda, yenye taa za vioo na wasichana wa kuwaangalia watoto. Hapo ndipo harusi yangu ilipoingia. Wakienda Jojia, nyumba ya mbao inataka mpishi, na mpishi ni mimi. Wakienda Uturuki, hawanihitaji, na madam alikuwa amenitamkia mwenyewe kwamba Uturuki ikipita, mimi niende kwetu Kitale.

Na Kitale kulikuwa na Naftali. Naftali ana duka la misumari na mabati, na ana subira ambayo mimi sina hata robo yake. Harusi yetu ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa sababu ya ruhusa ya kazi. Pasta akasema ikiahirishwa tena atawapa wengine tarehe yetu na sisi tutafute kanisa lingine. Ndugu zake Naftali walikuwa wanamwambia mbele ya watu kwamba amechumbia simu. Yeye alikuwa anacheka, lakini nilisikia kicheko kinaanza kuchoka. Nilimtaka Naftali, sitaki kuzunguka. Nilimtaka sana, na nilikuwa naomba Mungu wangu kila siku kwa ajili ya hoteli ya Kituruki.

Wiki ya pili ya ubishi, baba na madam wakaacha kusemezana. Ikawa mimi ndiye simu. Baba ananiambia jikoni kwa Kiswahili, mimi nampelekea madam kwa Kiarabu changu cha kuokota, madam ananirudishia jibu refu, mimi nafikisha lile fupi. Siku moja asubuhi baba anaondoka kwenda Dammam kikazi, siku nyingi kidogo, akasimama mlangoni na begi lake, macho mekundu. Akasema amechoka, halas, hataki tena kusikia neno mlima.

"Mwambie bibi achague yeye," akasema. "Anakotaka bibi ndiko tutakakokwenda."

Akapanda gari, akaenda zake.

Sasa simama hapo. Kwetu Kenya, bibi ni mke wa mtu. Bibi ya Naftali, hiyo ndiyo ningekuwa mimi, Mungu akipenda. Nilipofika nyumba hii mara ya kwanza, madam aliteguka mguu bafuni, nikampigia baba ofisini nikamwambia Bibi ameanguka. Baba akakata simu, akapanda ndege hadi Jeddah, akaingia mbio kwa mama yake mtaa wa Al-Rawdah, akamkuta mzima anakaanga sambusa. Kumbe kwa Wazanzibari bibi ni nyanya ya mtu, mzee wa nyumba, na nyumbani humo wote wakisema Bibi wanamaanisha Bi Saleha, mama yake baba. Nilichekwa mwezi mzima. Basi nikajifunza, na neno hilo sikulikosea tena.

Nisichokijua ni kwamba baba naye alikuwa amejifunza. Aliona aibu kwamba amenicheka. Akamuuliza Reuben, mlinzi wa ofisini kwao, mtu wa Machakos, na Reuben akamfundisha kwamba kwa Wakenya bibi ni mke. Akaliweka moyoni, ili siku akizungumza nami aseme kwa lugha yangu. Kwa kawaida alikuwa akimwita mkewe "madam" kama ninavyomwita mimi, kwa hiyo halikuwahi kutokea. Lakini asubuhi ile alikuwa amemkasirikia, hakutaka kumpa umadam wowote. Akasema bibi, kwa heshima yangu mimi. Na mimi, kwa heshima yake yeye, nikapiga simu Jeddah.

Bi Saleha akanitaka nirudie.

"Haroub kasema hivyo?" akauliza. "Miye nichague?"

Nikamwambia ndivyo, anakotaka Bibi ndiko watakakokwenda. Akaniambia nisimwambie Haroub kitu. Amempa kazi, na yeye atampa jibu mwenyewe, uso kwa uso. Kisha akaniuliza skii ni kitu gani. Nilipomweleza kwamba mtu anafungwa mbao ndefu miguuni halafu anaachiwa mlimani, akaniuliza amefanya kosa gani.

Nikamwambia na madam pia, kwamba baba ameamua Bibi ndiye mwenye kauli. Madam akanyonya meno, kisha akaenda chumbani. Jioni hiyo nikamsikia anampigia mama mkwe wake kwa sauti ya asali ambayo sijawahi kuisikia humu ndani. Akamtumia picha za hoteli, taa za vioo, kitanda, hata sabuni. Kesho yake akapiga tena. Watoto nao wakaanza kupiga, Faris anapigia kampeni Jojia kwa sababu ya baba yake, Muna anapigia Uturuki kwa sababu ya mama yake. Mimi nikawa napiga usiku baada ya vyombo, kwa sababu ya Naftali.

Bi Saleha aliifanya ile kazi kama inavyofanywa posa. Alhamisi, kina mama wenzake wa Kizanzibari walipokuja nyumbani kwake kusoma uradi, aliwawekea mbele picha za milima yote miwili. Wakauliza kama wanavyouliziwa wachumba. Huyu ana watu? Anatoka ukoo gani? Anaswali? Mlima wa Uturuki ulisifiwa kwamba uko kwa Waislamu, ila mama mmoja akaupinga kabisa kwa sababu mpwa wake aliolewa na Mturuki na tangu hapo anashindia mkate. Ule wa Jojia walisema ni mrefu na una sura nzuri lakini unaonekana mpweke, na mume mpweke ana mambo yake. Hawakuafikiana. Bi Saleha akaswali istikhara, ile sala ya kumwomba Mungu amwonyeshe lipi lina heri kati ya mawili, akalala, akaota friji iko wazi na haina kitu ndani. Akanipigia alfajiri kuniuliza mimi naonaje.

Nikaona hapa ndipo pa kuokoa harusi. Nikamwambia friji tupu ni Jojia, haina shaka. Nikaongeza kwamba Jojia kuna dubu wanaoingia hadi mlangoni. Nilisema tu, sijui kama wapo.

"Dubu mwenyewe khasa?" akasema Bi Saleha. "Alaa. Huyo sijapata kumwona. Basi Jojia ina mambo."

Nikajing'ata ulimi. Kesho yake nikamwambia dubu wote watakuwa wamelala, utakuwa msimu wao wa kulala. Akasema vizuri, aliyelala atakaa atazamike.

Ndio hivyo zikapita siku za Dammam. Na mimi, kichwa maji, sikuwahi kujiuliza mtu wa umri ule na magoti yale anachagulia nani mlima. Nilidhani anachagua halafu anabaki Jeddah kama kawaida. Siku baba aliporudi, kabla hajavua hata viatu, kengele ya mlango ikalia. Bi Saleha huyo. Ametoka uwanja wa ndege kwa teksi, ana sanduku, amevaa buti za mvua za kijani chini ya buibui, na lile buibui fundi wa Jeddah amelishonea blanketi kwa ndani, kwa hiyo ameingia mpana kuliko mlango. Ameshonesha mengine ya kubadilishia. Akaketi, akapepewa, akatangaza kwamba uamuzi wake utasikika baada ya chakula cha usiku, na asisumbuliwe kabla.

Baba akamkaribisha, akambusu kichwa na mikono, akamuuliza uamuzi wa nini. Bi Saleha akamwambia asijifanye. Baba akaja jikoni anatembea polepole.

"Truphena," akasema. "Nilikwambia bibi."

"Ndiye huyo, baba. Bibi."

"Bibi. Bibi yangu. Mke!"

"Kwani tangu lini mke ni bibi katika nyumba hii?"

"Nilisema kwa Kiswahili chako, ili uelewe."

"Na mimi nikasikia kwa Kiswahili chako, ili nisikosee."

Tukatazamana. Baba akakaa juu ya gunia la mchele, akanieleza habari za Reuben. Sijui kama alitaka kucheka au kulia, mimi mwenyewe nilitaka vyote. Madam alipoelezwa, alipiga kofi mezani. Siku zote hizo amemlamba miguu mama mkwe kwa uchaguzi uliokuwa wake tangu mwanzo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mlima uingie nyumbani, baba na madam wakasemezana bila mimi. Walikubaliana jambo moja haraka sana, kwamba Bibi hawezi kwenda. Magoti, presha, ngazi, barafu. Nani atambeba? Na likizo yenyewe itakuwa likizo gani, mtu anateleza huku mama yake yuko dirishani na tasbihi anamwita arudi ndani?

Walikuwa na haki yao, siwezi kusema hapana. Ila ni nani atakayemwambia? Baba akasema yeye hawezi, huyo ni mama yake. Madam akasema hathubutu, huyo ni mama mkwe wake. Wakanigeukia mimi, ambaye si mtoto wake wala mkwewe.

Baba akanieleza vizuri, bila ukali. Nikimwambia Bibi ukweli, basi waende Jojia, waende Uturuki, waende mwezini, mimi ninakwenda Kitale. Bibi asipoambiwa na akaenda, basi atahitaji mtu wa kumshika mkono asubuhi hadi usiku, mlima wowote ule, na mtu huyo ni mimi. Akaniomba samahani, lakini ndivyo ilivyo.

Wali ulikuwa jikoni unaiva. Nilisimama pale na mwiko nikamwona Naftali amesimama mbele ya kanisa na suti yake, na ndugu zake wanamtazama. Halafu nikamwona yule mama na buti zake. Nilikasirika, wacha niseme ukweli. Nilimkasirikia baba, nikamkasirikia Reuben na kiherehere chake cha kufundisha watu, nikamkasirikia hata Bi Saleha kwa furaha yake. Nikafunika sufuria, nikaenda.

Alikuwa chumba cha wageni, amekaa kitandani, bado na blanketi lake, jasho linamtoka na amekataa kulivua. Akanionyesha nikae. Sikukaa. Nikamwambia baba hakumkusudia yeye, alimkusudia madam, na kwamba mimi ndiye niliyesikia kwa Kizanzibari neno lililosemwa kwa Kikenya. Nikalitoa lote kwa pumzi moja kabla halijanishinda.

"Nnajua," akasema.

Nikadhani hakunielewa, nikaanza tena. Akanyoosha mkono kunizuia.

"Haroub hajapata kuniuliza hata chai nnataka ya maziwa au ya rangi," akasema. "Baba yake naye vivyo hivyo, Mungu amrehemu. Leo aniulize mlima? Nilijua siku ile ile ulipopiga, mwanangu. Nikasema huyu mtoto kakosea."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, kwa nini ameshonesha mabuibui, ameswali, amewakusanya kina mama, amepanda ndege.

"Kwa sababu simu ilikuwa inalia," akasema. "Asubuhi Hala. Jioni watoto. Usiku weye. Kila siku. Nikawa nasema, nikichagua leo, kesho nani atapiga?"

Yeye akanitazama, akaniuliza nimeahidiwa nini mpaka nikatumwa mimi. Nikamwambia harusi yangu. Nilidhani atanichukia. Akaniambia nimefanya vyema, kwamba yeye angekuwa mimi angelisema pale pale mlangoni, asingengoja hata teksi iondoke. Halafu akaniomba nimvue zile buti, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba na yeye hafiki chini. Nilipiga magoti nikazivuta, moja ikakataa, tukavutana nayo sana, akacheka. Mimi nilikuwa nalia na sikutaka aone, nikawa naitazama buti tu.

Akanawa uso, akavaa buibui la kawaida, akaenda mezani anatembea taratibu kwa miguu yake mitupu. Wote walikuwa wameshakaa. Baba akanitazama kuuliza kama nimesema, nikaitikia kwa kichwa. Bi Saleha akakaa mahali pa mkubwa wa meza, akasema bismillahi, akala kidogo kwanza, akawaacha wangoje. Nadhani hilo alijipa mwenyewe, na alistahili. Kisha akasema istikhara yake imetoka, imetoka wazi, na ndani yake ameonyeshwa kwamba mtu mzima hapandi milima, na kwamba mwenye kuchagua awe Hala.

"Uturuki," akasema madam, kabla mama mkwe hajafunga mdomo.

"Alhamdulillah," akasema baba, haraka mno. Hata Jojia yake hakuikumbuka.

Na hapo meza yote ikafunguka kama watu waliotoka mtihani. Madam akatoa simu kumwonyesha mumewe chumba, baba akauliza kama viatu vyake vitaingia kwenye sanduku, Muna akamzomea Faris kwamba ameshinda, Faris akaanza kununa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na sinia. Nilikuwa na ruhusa yangu, nilikuwa na harusi yangu, moyo ulikuwa unataka kuruka. Lakini miguu ikagoma kutoka pale. Nilikuwa nangoja mtu mmoja tu aseme, Mama, twende sote. Hata kwa uongo. Hata kwa adabu tu, aseme halafu yeye akatae, kama watu wanavyofanya siku zote.

Bi Saleha naye alikuwa anangoja. Alishika kijiko bila kula, anamtazama huyu akisema, anamtazama yule, na tabasamu dogo usoni kama mtu anayetaraji kuitwa. Alingoja kidogo. Kisha akakiweka kijiko chini, akasema wali umezidi chumvi. Haukuwa umezidi chumvi. Nikachukua sahani yake, akainuka, tukaenda wote wawili jikoni.